Namba Kumi na Nne na Simu ya Baba Yake

Jumatatu, 12 Mei
Chai, chapati moja, halafu simu. Wamebaki wanachuo kumi na mmoja wa kupigiwa. Tunawauliza wanakula mara ngapi kwa siku, kila mmoja kwa njia tatu: linki ya WhatsApp, simu, na karatasi ya kufunga kwenye bahasha. Tunataka kujua njia ipi inatoa ukweli. Mwenzangu Hamisi anaipenda linki kama mchumba. Mimi naamini simu. Mtu akisikia sauti ya mtu, kudanganya kunamwia vigumu. Tumebishana mpaka chai imepoa.

Jumanne, 13 Mei
Nimeumbuka. Namba hizi kumi na moja tulizopewa na chuo ni za wazazi! Fomu ya kujiunga inataka namba ya simu, wasio na simu wakaandika ya baba. Ya mwanachuo namba kumi na nne kwenye orodha yetu kapokea mzee wa Narung'ombe. Yuko shambani kwenye ufuta, kapanda kichuguu apate mtandao. Nikamwambia namtafuta binti yake, ni mambo ya chakula cha wanachuo.
"Yuko chuoni huko Nachingwea. Niulize mimi, mama, nimemzaa mimi."
Sikuuliza, kajibu yote. Anakula vizuri, asubuhi, mchana, jioni. Uji hapendi tangu mdogo. Mwisho kaniombea dua. Nimempenda, na sura yake siijui. Hamisi kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumatano, 14 Mei
Tumefungua bahasha. Namba kumi na nne kwenye linki alisema milo mitatu. Kwenye karatasi: mmoja, siku nyingine hakuna. Chini kaandika kwa herufi ndogo: "Linki tulijaza wengi chumbani kwa simu moja. Hii ndiyo kweli. Baba asijue, atauza mbuzi wake."
Hamisi hakucheka.
Nimesaini kutunza siri. Hata kumfuata binti mwenyewe siruhusiwi. Mkuu wetu wa utafiti kasema tubandike tangazo, mwenye shida ya chakula amwone mshauri wa chuo. Tumebandika. Nani atasimama kwenye mlango ule mchana kweupe, wenzake wanamtazama? Mtoto ana njaa na mimi nimeshika karatasi. Nimekasirika sana.

Alhamisi, 15 Mei
Mzee kanipigia mwenyewe.
"Mama, tangu juzi sina raha. Kwani mwanangu hali?"
Nikisema anakula, nimedanganya. Nikisema hali, nimemsaliti binti. Nikamwambia, "Majibu ya wanachuo sina ruhusa kuyasema, baba. Mtafute umuulize jana alikula nini."
Akashukuru. Nilipokata simu nikaona nimeshasema. Mdomo wangu huu!
Nikawaza, nikawapigia wazazi wale wengine kumi wote. Sentensi ileile: mtafute mwanao, muulize jana alikula nini. Sasa hakuna aliyenyooshewa kidole. Mama mmoja wa Marambo kanifokea, eti namtia presha. Wa Ruponda kasema hajawahi kumuuliza, ataanza leo. Sijui kama nimefanya haki au nimejifariji tu.

Ijumaa, 16 Mei
Ripoti. Tumeandika kwamba karatasi ya bahasha ndiyo iliyotuambia ukweli. Hamisi kakubali bila ubishi, mpaka nimemhurumia. Kaniletea muhogo wa kuchoma, kaweka mezani, kaondoka. Ana roho nzuri, mjinga yule.
Kutoka Narung'ombe, kimya.

Jumapili, 18 Mei
Nimepita nje ya chuo nikienda sokoni. Kwenye benchi la mama ntilie, mzee wa kofia, miguu ina vumbi la safari. Pembeni yake msichana mwembamba, sahani ya wali na samaki.
"Kula, mama. Ongeza."
Sauti ileile ya kwenye simu.
Mzee mwenyewe hakuwa anakula. Alikuwa anatoa miba kwenye samaki, anaweka minofu kwenye sahani ya binti. Binti anakula kainamisha kichwa, machozi yanamtoka, haachi kula.
Nilitamani sana kumsalimia. Angenitambua kwa sauti, na binti angejua ni mimi niliyemshtua baba yake.
Nikafunga mdomo, nikapita.