Bi Zuhura Haimbi Wimbo wa Harusi

Ijumaa usiku

Wewe uliyeufungua ukurasa huu, nakusihi kwa Mungu, usimtolee mtu hata neno moja.

Mwimbaji mkuu wa tamasha la taarab la kesho ni Bi Zuhura. Mkubwa wangu wa ofisi inayoliandaa alinituma kwake, Mji wa Kale, nikamwombe aimbe ule wimbo wake wa harusi. "Asipouimba watu watatoka," alisema, "nawe utatoka nao kazini."

Bi Zuhura alicheka. "Mwanangu, ule nimeuimba mpaka hauniumi tena. Kesho naimba mpya, kwa nyuzi za udi tu, bila kinanda. Asiyetaka na akalale."

Nilimkumbuka mama, Mungu amrehemu, na harusi za mtaani kwetu. Wimbo ule ulipokuwa mpya, wanawake walikaa kimya. Mama akajifunga leso yake aliyoinunua Biashara Street, akaenda peke yake kumtunza Bi Zuhura kwa noti. Ndipo wote wakainuka.

Ofisini nimesema, "Ataimba." Sikusema ataimba nini. Naogopa sana.

Kesho ukinitaka usipige simu, sitaisikia. Njoo mbele ya jukwaa. Mimi ndiye yule msichana mwenye leso kuukuu ya mama, anayekwenda kutunza wakati wengine wamekaa.