Msamaha Ambao Albertine Hakuulizwa

Furaha, mjukuu wangu,

Huku Kisangani tuko wazima. Papa yako amerudi kutoka Ubundu na samaki. Unaniuliza kama ufute mashtaka, kwa kuwa wazazi wa kijana aliyesambaza picha yako ya uchi wamekuja kwetu kuomba msamaha.

Zamani, mchumba wa dada yangu Albertine alionyesha rafiki zake picha ya dada ya namna hiyo. Sheria hatukuijua. Wakubwa wa mchumba huyo walileta mbuzi, papa yetu akasamehe, tukala. Albertine akasimama mlangoni.

"Picha yangu aliionyesha bila kuniuliza. Na musamaha wangu mumeutoa bila kuniuliza."

Akapanda boti ya kwenda Basoko, hakurudi tena. Nyama ile ninaijutia mpaka leo.

Tonton yako, ndugu ya papa yako, anataka tusamehe. Nimemwambia: "Mumuulize Furaha." Lolote utakalojibu, nitasimama nawe.

Koko yako,
Antoinette