Siku ya Pili ya Mfungo

Mdogo wangu mpendwa Eliza,

Mume wako amerudi kwao Kibondo na mtoto, kwa hiyo siku za Jumamosi ni mimi ninayefagia uwanja wako. Nikimaliza nakaa kizingitini kidogo, kisha narudi kwa Mama hapa Makere bila kuzungumza na mtu njiani.

Unakumbuka ile mvua ya mawe iliyolaza maharage yetu yote tukiwa wadogo? Baba alisimama shambani akasema, "Mungu ametaka." Nawe, na kamasi zako, ukamuuliza, "Ametaka maharage yetu ya nini?" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikufinya. Tangu hapo mimi nikawa wa kumtetea Mungu, wewe wa kumuuliza. Hata nilipofanywa kiongozi wa kikundi cha maombi, nikirefusha sala ya chakula uliniambia, "Dada, amesikia. Ugali unapoa." Nimekukumbuka, we mtundu.

Homa ilipokushika na tumbo kujaa, ni mimi niliyetangaza mfungo mkavu wa siku tatu. Unaijua desturi ya kikundi chetu: mgonjwa analazwa katikati, na hatoki mtu mpaka mfungo uvunjwe kwa uji. Siku ya pili ulinivuta kitenge. "Dada, nipelekeni hospitali, Kabanga." Nikakujibu, "Vumilia hadi kesho. Yote yako mikononi mwa Mungu." Siku ya tatu ulizidiwa, tukakupakia kwenye bodaboda, nami nikakaa nyuma nimekushika. Hatukufika hata Kasulu mjini.

Msibani kila mtu aliniambia ni mpango wa Mungu. Mchungaji alisema, wanakikundi wakasema, na mume wako akanishukuru kwa maombi. Alinishukuru, Eliza! Nilitamani apatikane hata mmoja wa kunitukana. Sijawahi kuwa mpweke kama siku zile, nimezungukwa na watu wanaonifariji kwa maneno yangu mwenyewe. Bado naamini Mungu anatawala. Lakini aliyekwambia uvumilie hadi kesho hakuwa yeye, nilikuwa mimi. Nikimsingizia yeye, nitamwombaje anisamehe?

Juzi nikaamua kumwambia Mama. Niliogopa, maana huo mpango wa Mungu ndio unaomwinua kitandani kila asubuhi. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikamweleza yote, ulichoomba na nilichokujibu. Akaacha kumenya.

"Nilimsikia, mwana wanje," akasema. "Nilikuwa nimeketi pale miguuni pake. Nikajisemea, wewe ndiye mkubwa wa maombi, wewe ndiye unayejua."

Tukalia, yeye upande wake wa beseni, mimi upande wangu. Hakunifariji, wala mimi sikumfariji.

Jioni tulipoketi kula, akaanza kusali kama alivyozoea tangu tulipokuzika: "Ee Mungu, wewe uliyepanga..." Akanyamaza. Nilidhani amesahau maneno. Kisha akaanza upya.

"Mungu, binti yangu aliomba kupelekwa hospitali."

Hakuongeza kitu. Nikasema amina.

Pumzika, mdogo wangu, nawe unisamehe ukiweza.

Dada yako