Kadi ya Neno Moja

Mkunazini, Unguja
Agosti, 1956

Kwa kaka yangu Simai,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, popote meli yenu ilipotia nanga. Huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua, lakini sauti yake bado inafika nyumba ya tatu, ingawa mimi siku hizi hasemi nami. Sababu utaiona chini. Mume wangu Jaku anakusalimu sana. Mwanangu mchanga anaota meno, nami nnakuandikia huku nimempakata, kwa hivyo nistahamilie mwandiko.

Kadi yako ilifika. Mbele ina picha ya wanawake waliovaa mashada ya maua shingoni, nyuma ina neno moja, Aloha, na jina lako. Basi. Miaka mitatu tunangoja barua, kaka, na mkeo umemletea neno moja, tena la watu wa Hawaii. Nilikwenda nayo mwenyewe shamba, Makunduchi, mtoto mgongoni, nikamsomea mkeo Tabia mbele ya Mama. Wakanitazama kama mimi ndiye niliyeliandika.

Jaku akenda kumuuliza Mzee Msabah, yule aliyekuwa akichochea makaa melini zamani. Mzee alicheka sana. Alisema kule mtu akiingia huambiwa neno hilo, akitoka huambiwa hilohilo, na anayependwa huambiwa hilo, hata aliyefikwa na msiba. Ni neno zuri, alisema, na wenyewe hujua ni lipi kwa kumtazama msemaji usoni. Nami nakubali ni zuri. Lakini wewe hukutuletea uso, umetuletea kadi.

Basi kila mtu akachukua lake. Mama alichukua karibu. Akapaka chokaa chumba chako, akatia kitanda kamba mpya, na kila apitaye njiani akamwambia mwanawe anarudi. Tabia alichukua kwaheri. Alikunja kanga zake akazitia sandukuni, akaacha kupaka wanja. Jirani yetu Bi Mashavu, unamjua ulimi wake, akapaza sauti uani kwamba wenziwe huachwa kwa talaka, Tabia kaachwa kwa picha ya maua, na je, eda ataihesabu tangu kadi ilipotiwa posta au tangu ilipofika? Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tabia aliingia jikoni akakuna nazi, akakuna, mpaka kikabaki kifuu kitupu.

Nilimwambia Mama haya hayafai, mtu hawezi kukaa si mke si mtalaka. Mama akaniambia mimi ni mdogo, nisikupande kaka yangu kichwani, na mke wa baharia kazi yake kungoja. Nikamjibu kwamba Tabia naye ana mama yake wa kumwonea uchungu.

Na Mize, mwanao. Ulimwacha akitambaa, sasa anakimbia na anasema kila kitu. Kadi ile haimtoki mkononi. Siku moja nipo shamba, mgeni alimuuliza babako nani, akajibu bila kusita, Aloha. Watu wote wakacheka, hata Mama. Mimi sikuweza kucheka, kaka.

Sasa nakwambia nililofanya, usije ukalisikia kwa mabaharia. Asubuhi yake nilimchukua Tabia tukapanda gari ya shamba mpaka mjini, nikampeleka kwa kadhi. Nikaweka kadi mbele yake. Aliigeuza huku na huku, akasema neno kama hili halivunji ndoa mpaka ijulikane mwenyewe alinuia nini. Lakini mke kuachwa bila chakula wala nguo, alisema, hilo si neno, hilo ni jambo. Akauliza nani atashuhudia. Majirani wote walimwogopa Mama. Alishuhudia Jaku, na nyuma yake nikasimama mimi, uliyekuwa ukinibeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani, nikasema mbele ya watu kwamba kaka yangu hakumletea mkewe kitu.

Sikuombi msamaha kwa hilo. Nakupenda, na ningelisema tena kesho.

Kadhi amekupa muda mpaka Maulidi yapite. Ukinyamaza, atamfungua Tabia, nami nitamfungulia mlango wangu yeye na Mize, Mama akipenda asipende. Kwa hivyo andika. Andika Kiswahili ulichofundishwa na mama yako. Kama unakuja, sema nnakuja; kitanda kipo na kamba ni mpya. Kama unamwacha, muache mbele ya watu kama ulivyomwoa, asipite njiani akichekwa. Hayo mawili tu. Jengine sitalisoma.

Kadi anayo Mize, analala nayo. Kila nikenda shamba namfundisha kwamba babake anaitwa Simai bin Mkubwa. Simai anaweza kulitamka. Halafu anageuza kadi upande wa picha, ananiuliza mbona huku hakuna mwanamume.

Jaku na watoto wanakusalimu. Tabia hakunipa salamu za kukuletea, nami sikumlazimisha. Mungu akulinde na bahari.

Mimi mdogo wako,
Mwanamkasi binti Mkubwa