Kidole Chako Kati ya Mataruma

Kambini Ruvu, Jumapili

Mtani wangu Shomari,

Barua tulizokuwa tukiandikiwa na yule karani wa kambi zilianza kwa kusema mimi mzima, hofu ni juu yako. Leo siwezi kuanza hivyo. Wewe hofu yako imekwisha, yote imebaki kwangu, na ndiyo maana nimemwomba mpishi karatasi. Shule yangu unaijua ilipokomea. Utanivumilia.

Naogopa daraja. Nalisema mapema nisije nikazunguka.

Tangu mto ulipokuchukua sijalikanyaga. Nimesema mguu unauma, nimesema tumbo, nimebadilishana zamu na kila aliyekubali, nikaenda kufyeka majani kandokando ya reli upande wa Kibaha. Wenzetu walinicheka. Kisha wakaacha kunicheka, na hilo likanitisha zaidi. Kila nikifumba macho naona mkono wako unaachia ile boriti. Mbao zilikuwa zimelowa kwa mvua za masika, na wewe ulikuwa unakaza nati huku ukinitukana kidogo kama kawaida yako. Halafu hapakuwa na mtu. Spana yako ilibaki juu ya taruma la reli, na maji chini yanapita tu.

Tulipokutoa majini tulikupeleka kwenu Kurui. Mnyamwezi ana haki yake kwenye msiba wa Mzaramo, na mimi sikutaka uzikwe bila utani, ungenidai. Watu walipokuwa wanalia nikavaa kofia yako, nikatembea kwa mwendo wako ule wa kuchechemea, nikawauliza nani kamruhusu huyu alale saa za kazi. Wakacheka huku wanalia. Ndipo nikalikamata lile sanduku lako la treni ya kuchonga, nikalikalia, nikasema haliondoki hapa mpaka wenye msiba walikomboe kwa jogoo. Nilidhani nitapewa jogoo. Mtani hupewa jogoo, anarudisha kitu, mambo yanakwisha.

Mama yako alitoka ndani. Hakucheka. Alisema, "Hatukomboi, mtani. Chukua. Ila siku ya arobaini treni uilete inatembea, na daraja lake liwepo. Miguu yangu hainifikishi Ruvu. Nataka nione mwanangu alipita wapi."

Kicheko kilinifia mdomoni, Shomari. Utani hauna njia ya kurudi nyuma. Nililikamata mwenyewe, mbele ya watu.

Basi ndivyo nilivyoanza kazi yako, mimi niliyekuwa nakuita mzee anayecheza.

Unakumbuka siku ile kwenye duka la Mhindi, tulipoiona ile treni ya bati kutoka Ulaya? Mwenye duka alikuambia magurudumu yake yapo, reli zake zipo, kipimo chake ni kile kinachochezwa na watoto wote. Ukifuata kingine, alisema, hutapata hata msumari wa kununua, utachonga kila kitu. Ukaitazama kwa muda, ukasema hiyo ni treni ya kwao, reli yake pana, mabehewa yake yamenenepa kama Wanyamwezi, ya kwetu nyembamba. Njia nzima ya kurudi nilikucheka. Wewe ulikuwa unapima hewa kwa kidole.

Upana wa kidole kimoja kwa futi moja. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chako, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nacho. Magurudumu ulikata kwenye vile vigogo vya kuzungushia uzi wa cherehani, reli ukazinyoosha kutoka kwenye mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya katani. Behewa lilipofika mwisho wa njia ulikuwa unaita kwa sauti ya gadi wa treni, "Wa Ruvu, teremkeni," na wavivu wa kambi wote wananyanyuka kama kweli.

Nikaona si kazi ngumu. Sanduku lilikuwa na injini, mabehewa mawili, reli ya kutosha. Nikaanza kwa kuongeza behewa la tatu ili nizoee kisu. Nilipima kwa kidole, kidole kimoja kwa futi moja, kama ulivyokuwa unafanya. Nikachonga, nikalisugua kwa majani ya msasa mpaka likawa laini kama shavu. Nilipoliweka likakaa juu ya reli kama ng'ombe juu ya mtumbwi. Kwenye kona likaanguka. Nikaliweka tena, likaanguka tena. Kila lilipoanguka moyo wangu ulikuwa unaruka, kwa sababu lilikuwa linaangukia upande ule ule ulioangukia wewe.

Nilidhani unanikataa. Nakwambia kweli. Nililifunika sanduku kwa gunia, nikawa sipiti karibu nalo.

Kisha nikakumbuka matusi yako. Ulikuwa ukiniambia, "Wewe usishike kipimo, Masanja. Kidole chako muhogo, treni itakuwa nyumba." Nikatazama mkono wangu. Kidole nilichopimia kilikuwa changu! Chako tumekizika Kurui, nami nimekaa hapa natafuta kipimo ambacho kiko chini ya udongo.

Siku ile sikula. Jioni nililifunua sanduku ili nikubali tu kwamba nimeshindwa, nimpelekee mama yako hivyo lilivyo. Nikawa napitisha mkono kwenye reli yako. Mataruma yako yamepangwa sawasawa, hakuna lililozidi. Nikakumbuka ulivyokuwa unayapanga: unaweka taruma, unalaza kidole, unaweka jingine. Kidole chako kipo, Shomari. Kipo hapa kila mahali, kati ya taruma na taruma. Nilikata kijiti cha mwanzi kinachoingia pale bila kulegea wala kubana. Sasa nakiweka mfukoni, na mara nyingine nakishika tu bila kupima kitu.

Behewa jipya limekubali. Linapita kwenye kona.

Limebaki daraja. Nilitaka kudanganya. Nilisema nitachonga daraja lolote, mama yako hajawahi kuliona, atajuaje? Nikashika kisu, nikashindwa. Yeye hakuomba treni. Ameomba aone mahali. Nikimchongea uongo, atakuwa analilia uongo mpaka afe.

Na kulipima lile la kweli ni lazima nipande. Nguzo mpaka nguzo, upana wa pale uliposimama, urefu wa kutoka ubao mpaka kwenye maji. Jana mnyapara aliniita mbele ya wote, akasema, "Jumatatu daraja, Masanja. Ukiumwa, uumwe ukiwa juu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nimemwomba kamba ya futi ya kupimia. Hakuniuliza ya nini. Alinipa, na kipande cha kamba nene akaongeza, akasema nijifunge kiunoni.

Kwa hiyo ni kesho. Mto umepungua lakini bado unasema. Sikudanganyi kwamba nimepata ushujaa, hata wakati huu mwandiko unaona ulivyo. Nikishindwa kutembea nitatambaa, watacheka, sawa. Nilitaka kuandika kwamba nikikufuata uniwekee nafasi. Hapana. Utani huo sitaki, ufute. Sitaki kuja, mtani. Nataka kufika ng'ambo.

Nakuahidi hili. Arobaini nitakuja Kurui na daraja lako kichwani, nitaliweka mbele ya mama yako, nitamwonyesha kwa kile kijiti cha mwanzi mahali mkono wako ulipokuwa. Kisha ataisukuma treni mwenyewe, polepole. Ile sauti yako ya gadi sitaitoa kabla. Behewa la mwisho likivuka, ndipo nitawaita wa Ruvu wateremke.

Lala, Shomari. Saa hizi nakuruhusu.

Mimi mtani wako,
Masanja