Kamba ya Mgomba Ndani ya Bomba

Kwanza nikugombeze, ndipo barua yako isomwe. Miaka mitatu hujakanyaga kwangu! Basi la Muleba linakuja Bukoba kila siku, kuku wanalipanda, magunia ya maharage yanalipanda, wewe tu ndiye limekushinda. Umeficha jina, lakini Celina, mjukuu wangu anayenisomea (maana mimi shule niliingia mara moja tu, kufunga koki yao), hakufika nusu ya barua nikawa nimekujua. Mafundi niliowafundisha nawajua hata kwa makosa yao. Haya, wasomaji wa gazeti hili, sikieni alichoandika.

*Mpendwa mshauri, Bibi Kokushubila wa Hamugembe, naomba msaada wako maana leo siku ya tisa sili wala silali na mke wangu anadhani nina mwanamke mwingine, kumbe nina bomba. Mimi ni fundi bomba, na mwaka huu kijiji chetu cha ujamaa kilinipa kazi ya kuteremsha maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi zahanati, watu wote wakachimba mtaro, hata akina mama wenye watoto mgongoni, nami nikaunga mabomba kuanzia chemchemini nikishuka, kila kiungo kwa katani na rangi kisivuje, kama nilivyofundishwa, mpaka nilipoingia kwenye kibanja cha mzee Rugemalira, shamba lake la migomba na kahawa, katani ikaniishia, na zahanati naiona pale, vimebaki viungo kumi na kimoja tu, dukani Bukoba wanasema meli ya Mwanza haijaleta, na mwenyekiti amenisimamia kichwani anataka mtaro ufukiwe kabla wakubwa wa wilaya hawajaja kukagua, basi Bibi, nikachuna kamba ya mgomba, hii hii tunayofungia kuni na mapaa, nikaisokota nyembamba, nikaizungusha kwenye nyuzi za bomba, ile mikato ya kukazia, nikapaka rangi, na walipouliza nikasema ni katani.*

*Maji yalitoka, vigelegele vikapigwa, miezi miwili hakuna tone lililopotea, lakini sasa kiungo kimoja kinavuja katikati ya kahawa ya mzee Rugemalira, shamba limekuwa matope, koki ya zahanati inatoa maji membamba kama mkojo wa mtoto na muuguzi amerudia ndoo, na kwa kuwa mzee huyo alipinga mtaro usikate mizizi ya kahawa yake, na jembe lake limekutwa palepale kwenye matope, kamati imesema amelipiga bomba kwa makusudi, ni mhujumu, na Jumamosi ya wiki ijayo kikao kitaamua aondolewe kijijini na kibanja chake kigawanywe, kibanja chenye makaburi ya wazazi wake. Nilikuwepo aliposhtakiwa. Alinitazama akasema, "Mwanangu fundi, wewe unajua chuma. Waambie jembe langu haliwezi." Nikajibu, "Ngoja kwanza nichunguze, mzee." Na huyu ndiye aliyenitolea kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni, kutoka kikapu chake siku zote nilizofanya kazi kwake. Nikisema ukweli, mhujumu nitaitwa mimi, na kijiji kizima kitafukua mtaro wote upya wakati sherehe ya Tisa Desemba imebaki wiki tatu. Ndugu yangu yuko Mwanza, anasema kazi ipo. Nipande meli au nifanyeje?*

*Ni mimi, Fundi Asiyelala, Muleba.*

Asiyelala, kaa chini. Nina habari njema na nina bakora. Naanza na habari njema, maana naona umekonda.

Hakuna mtaro wote wa kufukua. Wewe barua yako uliisoma kabla ya kuibandika stempu? Umesema ulianzia chemchemini ukashuka, na kamba ya mgomba imeingia mwishoni. Bomba la nyuzi halifunguki katikati, ukilegeza huku unakaza kule, hilo unalijua hata ukiwa na homa. Ungetia mgomba kule mlimani mngefukua hadi Pasaka. Lakini Mungu amekuhurumia kuliko akili yako ilivyostahili, umekosea mkiani! Funga maji chemchemini, anza na koki ya zahanati, rudi nyuma bomba moja moja, hesabu viungo kumi na kimoja, simama. Watu wawili, spana mbili, siku moja, na ndizi za mchana mtazila mmekaa. Umeona? Pumua.

Tena nikwambie jambo, marehemu mume wangu anisamehe. Mwaka wa Uhuru tulikuwa tunafunga maji jikoni kwa masista, katani ikaisha, na aliyesema "tutumie kamba ya mgomba" ni mimi. Ilivimba vizuri, haikudondosha hata tone, nikajiona nimewazidi Wazungu. Mwezi wa tatu jiko likawa ziwa, sufuria zinaelea. Sista mkubwa akauliza nani amefanya hivi. Mume wangu akafungua mdomo aseme ni yeye, nikamkanyaga mguu. "Ni mimi, Sista. Nipe ndoo na tambara." Nilipiga deki mpaka magoti yakachubuka, tukafunga upya, na masista hawakuita fundi mwingine tangu siku hiyo. Mgomba ukilowa huvimba, ndiyo maana ulikudanganya miezi miwili. Halafu huoza.

Sasa bakora. Kukosa katani si kosa lako. Lakini mzee mzima anakutazama usoni mbele ya watu, anakuomba neno moja, nawe unasema uchunguze? Uchunguze nini, wakati mkono uliofunga ni wako? Umetafuna kahawa yake, halafu unamwacha atolewe penye makaburi ya baba yake! Niliona aibu mpaka Celina akaacha kusoma. Na hiyo kamati nayo, waitu, jamani, jembe litoboe bomba la chuma? Wajaribu wao. Watarudi nyumbani na mpini.

Habari za Mwanza achana nazo. Kule nako kuna mabomba, na migomba wanayo.

Gazeti hili linafika Muleba Jumatano. Jioni hiyo mwambie mkeo, kabla hajaenda kumpiga mwanamke wa watu bure. Kisha nenda kwa Rugemalira, kabla ya mwenyekiti. Usimpelekee maelezo ya meli na duka. Mwite baba kwa Kihaya, useme, "Tata, ni mimi." Akikupa kahawa, tafuna. Asipokupa, kaa hapo hapo hadi akupe.

Alhamisi mwambie mwenyekiti, na Ijumaa fukua mkia wako. Katani ya akiba yangu nimempa kondakta wa basi pamoja na gazeti hili, nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu. Izungushe kufuata nyuzi zinavyokwenda, nyembamba kama nywele za kichanga, isiwe mkia wa mbuzi. Hapo unapoishia mgomba na kuanza katani, tia yunioni, kile kiungo kinachofunguka katikati, ili siku nyingine ufungue bila kuamsha wilaya. Kisha maji yalale humo usiku kucha mtaro ukiwa wazi. Kiungo hakifukiwi kabla hakijalala na maji, hata mkubwa wa wilaya awe ameshashuka garini. Hilo nilikufundisha nikiwa nimekushika sikio, na naona sikio lilipona upesi.

Jumamosi nenda kikaoni na kiungo chenye mgomba uliooza, kiweke mezani karibu na jembe la mzee, watu wavishike vyote viwili. Jina lako sikuliandika hapa, utalitaja mwenyewe. Watakupigia kelele, ndiyo. Zitakwisha maji yakianza kutoka. Ukinyamaza, ujue Jumamosi hiyo nami napanda basi, na sauti yangu unaijua.

Ikipita Tisa Desemba, njoo Hamugembe. Lete senene, panzi wetu watamu, wengi, waliokwisha kunyonyolewa mabawa. Bibi yangu alikatazwa kuwala kwa sababu ni mwanamke, lakini waliomkataza hawakuwahi kushika spana. Na spana ya marehemu uliyoiazima, najua ndiyo iliyokufanya unikwepe miaka mitatu, ilete nayo. Usije peke yako. Mlangoni kwangu atangulie mzee Rugemalira, wewe ufuate nyuma yake umebeba spana.