Jino Halina Mimba

Mwenzangu, umekaa? Kaa kwanza.

Bi Kimya wetu, binti yangu yule asiyeweza kufukuza hata nzi, leo amegoma kushuka kwenye kiti cha daktari wa meno!

Mimi niko kwenye benchi nje, mlango wazi, nasikia kila kitu. Shavu limemvimba kama puto. Daktari kamwandikia doksisaiklini ya usaha na ibuprofeni ya maumivu, wala hajauliza neno. Binti akasema, "Daktari, nina mimba ya miezi sita."

Unajua alijibiwa nini? "Jino halina mimba, dada."

JINO HALINA MIMBA. Na nesi akacheka!

Nikainuka nimvae. Kabla sijafika mlangoni nikamsikia binti, "Jino halina, mwenye jino anayo. Hii dawa ya kwanza itamharibia mwanangu meno ambayo hata hayajaota, na hii ya pili kliniki ya wajawazito wamenikataza. Fungua kitabu chako. Sishuki."

Nikarudi kukaa, maana pale sikuhitajika.

Daktari akafungua kitabu. Akasoma. Akachana karatasi, akaandika amoksilini na parasetamoli, tena baada ya kumuuliza kama ana mzio. Sasa anamwita "mama", udada umekwisha!

Alipotoka alinishika mkono, tukaanza kuondoka.

Nyuma yetu akaingia babu mmoja na mkongojo wake. Daktari hata hajainua macho:

"Una mimba?"